Dhihaka Isiyo na Dhima: Vijana wa Mlali, Simu na Heshima ya Mtu

Wengi wetu hudhani ya kuwa jamii za wazee wetu zilijengwa juu ya staha peke yake, mdogo akiinama mbele ya mkubwa na kila ulimi ukijizuia mbele ya watu. Lakini Mluguru, kama walivyo jirani zake Wakaguru na Wakutu, alijua tangu utoto wake kwamba yupo mtu mwenye idhini ya kumcheka hadharani, kumsimanga kwa umbo lake na ukoo wake, hata kumchukulia kitu chake mbele ya macho yake, naye asiwe na haki ya kununa. Mtu huyo alikuwa mtani wake, na idhini ile haikuwa ya kuokota njiani: ilirithiwa baina ya ukoo na ukoo, na baina ya kabila na kabila, ikajulikana na wote, ikawa na mahali pake, wakati wake na mwisho wake.

Mwaka 1963 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, James Christensen, alichapisha makala juu ya utani wa Waluguru, na hata katika anwani yake aliutaja mzaha pamoja na wajibu, kwa kuwa viwili hivyo havikutengana. Yule aliyekucheka arusini ndiye aliyetazamiwa kushika jembe siku ya kuchimba kaburi la nduguyo. Ndiye aliyefanya maskhara matangani hata wafiwa wakacheka ilhali machozi hayajakauka. Na ndiye aliyeweza kumwambia mkubwa kosa lake pale ambapo hapana mwingine aliyethubutu. Dhihaka yake ilibeba dhima. Aliyekutia haya alikuwa na deni la kukusaidia, nawe ulimjua mdeni wako kwa sura, kwa jina na kwa nyumba.

Hoja ya makala haya ni kwamba madhara makubwa ya kejeli ambayo vijana wetu wanaiendesha kwa simu hayatokani na ukali wa maneno peke yake, maana maneno makali tulikuwa nayo siku zote, bali yanatokana na kukatwa kwa dhima ile. Na kwamba jamii ikitaka kulitibu jeraha hili haina budi kuirudisha dhima kwa kila mwenye mkono katika jambo hilo, aandikaye, asambazaye, atazamaye na mzazi mwenye simu.

Simu ya kuazima

Mlali ni kata ya Wilaya ya Mvomero, iliyokaa chini ya miteremko ya magharibi ya Milima ya Uluguru, katika barabara ile ambayo huiacha njia kuu ya Iringa pale Sangasanga ikaelekea kupanda Mgeta. Ni nchi ya mboga na matunda. Nyanya, kabichi na viazi, vya hapa na vya mlimani, hupita Mlali vikishuka kwenda Morogoro mjini na Dar es Salaam, na mkulima ambaye zamani hakuwa na habari ya bei isipokuwa ile aliyopewa na dalali, leo huuliza mwenyewe kabla ya kuvuna. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, fedha nazo zimeshika njia hiyo hiyo ya hewani. Kwa hiyo simu haikuingia vijijini kama anasa ya vijana. Iliingia kama chombo cha kazi cha wazazi wao, na kijana aghalabu aliipata kwanza kwa kuiazima.

Kuazima huko ndiko kulikofungua mlango. Shuleni simu hairuhusiwi, lakini wakati wa likizo, jioni watu wakitoka shamba, na zaidi katika miezi ile mirefu ya kungoja matokeo ya kidato cha nne, kijana huunga bando la siku moja, akaingia katika magrupu ya WhatsApp, akapitia TikTok na Instagram, akajikuta katika ulimwengu ambao mzazi wake hajaufika wala haujui milango yake. Mema ya ulimwengu huo ni mengi, na asiyeyakiri hana haki ya kuzungumza na vijana juu ya maovu yake: humo hujifunza hesabu na Kiingereza, hupata habari za vyuo, hukutana na ndugu walio mbali. Lakini humo pia hutendeka mambo ambayo lau yangetendeka uwanjani, mchana, mbele ya watu wazima, yangezuiwa kabla hayajamalizika.

Picha ya msichana iliyopigwa kwa siri bwenini au mtoni huongezwa maneno ya kifedhuli, ikawekwa stetasi. Mazungumzo ya faragha baina ya wapenzi wawili hupigwa skrinshoti siku wanapoachana, yakatupwa katika grupu la darasa zima. Aliyefeli mtihani hutungiwa vichekesho na wale wale waliokaa naye dawati moja. Mwingine hufunguliwa akaunti feki yenye jina lake na sura yake, akaunti hiyo ikaanza kutongoza watu na kuwaomba fedha, naye akashtukia anaulizwa mambo asiyoyajua. Na baya kuliko yote ni vitisho: mvulana aliyeaminiwa kwa picha ya siri humwambia msichana kwamba asipotii, picha itatoka. Uchunguzi uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ambao matokeo yake juu ya Tanzania yalitolewa mwaka 2022, ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa umri wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, 4 walikuwa wamefikwa katika mwaka mmoja na unyonyaji au ukatili wa kingono wa mtandaoni. Idadi hiyo inahusu ukatili mzito. Kejeli za kila siku, zinazomwondolea mtoto usingizi na hamu ya shule, hazimo katika hesabu hiyo.

Malenga walitia majina yao

Asiseme mtu kwamba kuaibishana mbele ya umma ni desturi iliyoletwa na waya. Huko Unguja, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyetoka katika ufinyanzi na umaskini akafikia kurekodi sauti yake Bombay mwaka 1928, aliimbiwa na mahasidi wake nyimbo za kumdunisha kwa asili yake na kwa sura yake, naye aliwajibu kwa wimbo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, lilikuwa uwanja wa washairi kujibizana, na wapo waliochapana humo kwa vina na mizani mpaka wasomaji wakangoja toleo la mwezi ujao kwa shauku. Lakini mshairi alitia jina lake na mji wake chini ya shairi; mhariri alisimama mlangoni, akapitisha na kukataa; na aliyejibiwa alipewa ukurasa ule ule wa kujibu. Juu ya hayo, ngoma ilikwisha kulipokucha, na gazeti lilipokwisha kusomwa lilifungiwa sukari au maandazi.

Simu imeondoa vyote hivyo kwa mara moja. Mwenye kusema aweza kuficha uso wake. Hapana mhariri baina ya hasira yake na macho ya watu mia mbili. Aliyesemwa hana ukurasa wa kujibu, maana akijibu huwaongezea wachekaji chakula. Na neno halina alfajiri yake, kwa kuwa lililofutwa katika simu moja limo katika simu nyingine, likingoja siku ya posa, ya kuomba kazi au ya kugombea uongozi ili litolewe tena. Zamani mtoto aliyechekwa shuleni alirudi nyumbani akapumzika mpaka kesho yake. Sasa kicheko humfuata kitandani, gizani, chini ya shuka.

Na katika mahali kama Mlali iko taabu moja zaidi ambayo wataalamu wa miji mikubwa hawaioni upesi. Kijana wa Dar es Salaam akifedheheshwa aweza kuhama mtaa, akapita katikati ya umati pasipo kujulikana. Kijana wa Mlali atakutana kesho na wote walioiona picha: mashineni anapopeleka mahindi, sokoni, msikitini na kanisani, na katika daladala iendayo mjini. Kwake yeye mtandao na kijiji ni mahali pamoja, na aibu iliyorushwa hewani hushukia katika njia ile ile anayopita kila siku. Ndiyo maana wako wanaoacha shule pasipo kutoa sababu, na wako wanaoondoka kwao usiku, wazazi wakabaki wakidhani kwamba mtoto amerogwa au ameharibiwa na marafiki, ilhali jawabu limo katika simu iliyolala mezani.

Mikono mingi, dhambi moja

Mwezi Agosti mwaka 2024 nchi yetu ilitikiswa na video iliyomwonyesha binti akifanyiwa ukatili na kundi la wanaume. Mahakama iliyokaa Dodoma iliwahukumu washtakiwa wanne kifungo cha maisha tarehe 30 Septemba mwaka ule ule, na wengi waliona kwamba haki imetendeka haraka kuliko ilivyozoeleka. Lakini liko jambo ambalo hukumu ile haikuweza kuligusa. Video ilikuwa imepita katika simu za watu wengi ambao hawakumgusa yule binti kwa kidole. Aliyelaani aliituma kwa mwenzake ili naye alaani, na aliyehuzunika aliihifadhi ili amwonyeshe mwingine ambaye hajaiona. Hata ghadhabu ya haki iligeuka kuwa farasi wa kubebea aibu ya aliyedhulumiwa.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Katika kila tukio la kumdhalilisha mtu kwa simu, aandikaye huwa mmoja au wawili, aliyedhulumiwa huwa mmoja, na wanaobaki wote ni watazamaji. Nao hao watazamaji, kwa kucheka, kwa kutuma mbele, au kwa kunyamaza tu, ndio wanaolipa jambo nguvu zake. Chuo Kikuu cha Turku huko Finland kilitunga mpango wa shule uitwao KiVa, ulioenezwa katika nchi ile tangu mwaka 2009, ambao msingi wake ni huo: kumfundisha mtazamaji, kwa maana mwonezi aghalabu hutafuta cheo machoni pa wenzake, na akinyimwa kicheko hana faida aliyoipata. Waluguru wasingalishangazwa na habari hiyo, maana utani wao ulitendeka mbele ya mashahidi waliojua mipaka, na aliyeivuka alikatazwa na mashahidi hao hao.

Kwa hiyo la kwanza la kuwafundisha vijana wetu si kwamba watukanaji ni wabaya, jambo ambalo kila mtoto analijua na halimzuii, bali ni kwamba anayetuma mbele ni mwandishi wa pili. Mwenye grupu, yule admini aliyelifungua, ana dhima kama ya mwenye nyumba ambaye wageni wake wanamtukana jirani barazani kwake: ana mamlaka ya kufuta na ya kutoa watu, na akiacha kuyatumia amechagua upande. Na kijana mmoja tu akiandika katika grupu, pasipo hotuba, kwamba jambo hili halifai na liondolewe, huwafungulia njia wengine waliokuwa wakiona vibaya lakini kila mmoja akidhani kwamba yu peke yake.

Sheria na kadiri yake

Si kwamba hatuna sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, katika kifungu chake cha 23 inakataza kumpelekea mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imezipa habari za mtu hadhi ya mali yenye mwenyewe. Na juu ya zote iko Katiba ya mwaka 1977, ambayo ibara yake ya 16 inalinda faragha ya mtu na familia yake.

Walakini sheria hizi zina kadiri yake. Sheria ya mwaka 2015 imevuma zaidi kwa kesi za waliowakashifu wakubwa kuliko kwa kuwatetea wadogo, hata wananchi wengi wakaihesabu kuwa ngao ya wenye vyeo. Kazi ya kuwaonyesha kwamba ni ngao ya mwanafunzi wa kike wa Mlali bado haijafanywa ipasavyo. Tena aghalabu mwonezi na mwonewa wote ni watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Hilo ni jema, kwa kuwa gereza halijapata kumfundisha mtoto huruma. Lakini maana yake ni kwamba anayetazamia polisi peke yao wamalize tatizo hili atangoja sana. Na pale sheria inapofika, mara nyingi hufika kwa kuchelewa: msichana wa Kanada, Amanda Todd, alijiua mwezi Oktoba 2012 akiwa na miaka 15 baada ya kuteswa kwa picha zake, na Mholanzi aliyemtesa alitiwa hatiani na mahakama ya British Columbia mwaka 2022, miaka 10 baadaye.

Liko jambo moja ambalo vijana wanaojificha nyuma ya majina ya bandia hawalitafakari, wala wazazi wao. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18. Basi laini anayoitumia mtoto wa kidato cha pili imesajiliwa kwa jina la mama yake, au baba, au mjomba. Nyayo za mdhihaki asiye na uso, zikifuatwa na wenye ujuzi, huishia katika alama ya kidole ya mzazi ambaye labda hajui hata kuifungua hiyo programu. Kwa namna hiyo ukoo umerudishwa kwenye dhima bila ya kuulizwa, na ni heri uishike kwa hiari kabla ya kushikishwa na askari.

La kutenda

Wako wanaosema kwamba dawa ni kuwanyang'anya watoto simu, na hoja hiyo haistahili kupuuzwa, kwa kuwa hata Australia, nchi yenye utajiri na elimu, ilitunga sheria mwezi Novemba 2024 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, nayo ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Lakini kwetu, ambako simu moja hutumiwa na nyumba nzima, marufuku ya namna hiyo ni vigumu kuisimamia, na tena ina hatari yake: mtoto aliyekatazwa kabisa, siku atakapodhulumiwa hatamwambia mtu, maana kusema ni kukiri kwamba alikuwamo. Linalofaa zaidi ni mzazi kuazimisha simu kwa masharti, akijua magrupu aliyomo mwanawe, na kumwahidi jambo moja kabla ya mengine yote, kwamba akija na aibu yake hatapigwa wala kutukanwa. Ahadi hiyo isiyogharimu hata senti ndiyo inayokosekana katika nyumba nyingi, na kwa kukosekana kwake watoto hutii vitisho vya wanaowatesa.

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba kwao ni mtu mwenye kauli katika mambo ya wapwa zake. Cheo hicho, ambacho siku hizi hukumbukwa zaidi katika posa na mashamba, kinafaa sana katika jambo hili, kwa sababu mtoto mwenye haya mbele ya baba yake aweza kusema na mjomba, na mjomba wa mwonewa aweza kukaa na mjomba wa mwonezi, picha zikafutwa mbele yao, radhi ikaombwa pale pale palipotukaniwa, yaani katika grupu lile lile, ili waliocheka waone. Njia hiyo yafaa kwa kejeli na mizaha iliyovuka mipaka baina ya watoto. Haifai kabisa, wala isijaribiwe, kwa ukatili wa kingono, vitisho vya picha za utupu, au mtu mzima anayemwinda mtoto. Mambo hayo si ya kumalizwa kwa kikao cha jamaa na mbuzi wa suluhu, bali ni ya polisi na mahakama.

Aliyedhulumiwa naye apewe maarifa ya kujiokoa. Asijibizane. Asifute ujumbe kabla ya kuuhifadhi pamoja na tarehe na namba iliyoutuma, maana ushahidi ukifutwa kwa hasira haurudi. Azuie namba ile, airipoti akaunti kwa wenye mtandao, kisha amwambie mtu mzima mmoja anayemwamini. Ipo namba 116 ya kuwasaidia watoto, na yapo Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, ambayo yaliwekwa ili mwenye aibu asilazimike kueleza habari zake kaunta mbele ya kila mpita njia. Na sisi wengine tujifunze kumuuliza tunavyoweza kumsaidia, tusimuulize kwa nini alipiga picha ile. Kwa kuwa swali hilo la pili, hata likitoka kwa mtu mwema, huhamisha dhambi kutoka kwa aliyesaliti amana likaiweka juu ya aliyeaminisha.

Mlali ina bahati ya kuwa jirani wa Mzumbe, mahali palipoanzishwa mwaka 1953 na serikali ya kikoloni ili kuwafunza watumishi wa utawala wa wenyeji, na ambapo leo ni chuo kikuu kinachofundisha sheria. Wanafunzi wa sheria wakishuka katika shule za sekondari za jirani, wakasoma kifungu cha 23 kwa Kiswahili cha kawaida na kujibu maswali ambayo mwanafunzi hawezi kumuuliza mwalimu wake, watakuwa wamewafaa jirani zao, nao wenyewe watajua sheria inavyoonekana na asiye na wakili.

Lakini mahali pa kuanzia pako karibu zaidi. Sheria ya mwaka 1982 ya mamlaka za wilaya imekipa kila kijiji mkutano mkuu wake, unaotakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu, na humo watu huzungumza maji, barabara, mifugo iliyoingia shambani na michango ya shule. Wajumbe wake ni wakazi waliotimiza miaka 18. Wanaoumizwa na kuumizana kwa simu, kwa sehemu kubwa, hawajafika umri huo, na kwa hiyo jambo lao halina msemaji. Basi na liandikwe katika ajenda ya mkutano ujao, na wanafunzi waalikwe siku hiyo, ijapokuwa hawana kura, waseme wenyewe yanayowapata. Kisha wazazi wakubaliane mbele yao ni lipi linalovumilika kama mzaha, ni lipi litakalopelekwa kwa wazee, na ni lipi litakalopelekwa polisi siku hiyo hiyo. Wazee wa Uluguru waliweka mipaka ya namna hiyo pasipo sheria iliyoandikwa wala ruzuku ya mtu, nasi tulio na katiba, mahakama na chuo kikuu jirani hatuna udhuru wa kuwaacha watoto wetu wajitafutie mipaka peke yao.